Mgeni Ulingoni: Kuisoma Upya Hadithi ya Picha ya Superman na Muhammad Ali (1978)

Mwanzoni mwa mwaka 1978 kampuni ya DC ya mjini New York ilitoa kitabu cha picha chenye kurasa 72, kikubwa kwa umbo kuliko magazeti ya kawaida ya aina hiyo, kwa bei ya dola mbili na nusu. Jina lake lilikuwa Superman vs. Muhammad Ali. Hadithi ilianzishwa na Dennis O'Neil, ikakamilishwa na Neal Adams, ambaye pia ndiye aliyeichora. Wino ulitiwa na Dick Giordano na Terry Austin. Wahusika wake wakuu wawili hawakutoka katika ulimwengu mmoja. Wa kwanza ni mtu wa kubuniwa, aliyeanza kuonekana magazetini mwaka 1938. Wa pili ni mtu halisi, ambaye wakati huo alikuwa bado anapigana ulingoni, na ambaye tarehe 15 Februari 1978 alinyang'anywa ubingwa wa dunia na kijana Leon Spinks. Ikawa basi kwamba kitabu kilichomtangaza kuwa bingwa wa sayari nzima kilisomwa na wengi katika miezi ambayo hakuwa bingwa hata wa sayari yake mwenyewe. Septemba ya mwaka huohuo aliurudisha ubingwa, lakini habari ya kitabu ilikuwa imekwisha kupoa.

Tangu hapo kazi hii imewekwa katika kabati la vituko. Wapenzi wa vitabu vya picha huitaja zaidi kwa sababu ya jalada lake, ambalo lina umati wa watu 172 wanaotambulikana kwa sura, wamekaa kuuzunguka ulingo: Rais Jimmy Carter, mchoraji Andy Warhol, mchekeshaji Lucille Ball, ndugu wa kundi la Jackson 5, na katikati yao Batman na Wonder Woman kana kwamba nao walikata tikiti. Mchezo wa kutafuta nani ameketi wapi umewafurahisha watu kuliko hadithi yenyewe. Nchini Marekani kitabu hakikuchapwa upya hadi mwaka 2010. Wahakiki wa fasihi, kwa upande wao, wamekiona kuwa biashara ya siku moja: jina moja kubwa limefungwa pamoja na jina jingine kubwa ili kuuza karatasi.

Kwamba ilikuwa biashara hakuna anayekataa. Hata hivyo, tendi nyingi ziliimbwa kwa malipo na hakuna anayezikataa kwa ajili hiyo. Makala haya yanadai kwamba ndani ya kitabu hiki kuna swali zito, ambalo msomaji wa mashariki ya Kongo analitambua mapema zaidi kuliko msomaji wa New York, nalo ni hili: nani ana haki ya kusimama kwa niaba ya nchi, na haki hiyo hutoka wapi?

Msingi wa hadithi

Hadithi za picha zinazokutanisha mashujaa wawili zina kanuni yake. Kanuni hiyo ilikuwa imekomaa kabla ya 1978: kampuni ya Marvel ilikuwa na gazeti maalumu la mikutano ya aina hiyo tangu 1972, na mwaka 1976 kampuni mbili zenye kushindana zilikubaliana kumkutanisha Superman na Spider-Man katika kitabu kimoja. Kwa mujibu wa kanuni, mashujaa hukutana, hupigana kwa sababu ya kutoelewana, kisha hugundua kosa lao na kuungana dhidi ya adui wa kweli. Pigano la kwanza ni chambo cha kumvutia msomaji, halina uzito. Kwa kawaida hakuna anayeshinda, kwani kila mmoja ana wapenzi wake na wote ni wateja.

O'Neil na Adams waliifuata kanuni hii kwa sura ya nje na kuivunja ndani. Jeshi la viumbe waitwao Scrubb, chini ya kiongozi Rat'Lar, linafika karibu na dunia na kutoa amri: dunia itoe bingwa mmoja apigane na bingwa wao Hun'Ya, ama sivyo iangamizwe. Superman anajitokeza kwa sababu ana nguvu kuliko mwanadamu yeyote. Ali anampinga. Hoja yake haihusu nguvu hata kidogo; yeye anasema kwamba Superman hakuzaliwa duniani, hivyo hawezi kuwa bingwa wa watu wa dunia. Rat'Lar, anayependa kuona ugomvi, anaamua kwamba wawili hao wapigane wao kwa wao kwanza, kwenye sayari iitwayo Bodace inayozunguka nyota nyekundu. Mwanga wa nyota nyekundu humwondolea Superman nguvu zake zote.

Pigano hilo halitokani na kutoelewana. Hakuna aliyedanganywa na hakuna aliyerogwa. Wawili hao wanaelewana vizuri sana. Wanachogombania ni haki ya uwakilishi, na hoja zote mbili zina mashiko. Mbele ya Rat'Lar wanasimama kama wadai wawili mbele ya baraza la wazee. Kinachofuata kinavunja kanuni zaidi, kwani mmoja anashinda, na anayeshinda ni mwanadamu. Superman anapigwa kwa namna isiyoacha shaka, mpaka Ali mwenyewe anaomba pigano lisimamishwe. Anapopigwa hivyo anabaki amesimama, na huanguka tu baada ya hukumu kutolewa.

Mwenyeji ni nani?

Neno "mwenyeji" katika Kiswahili lina maana mbili ambazo watumiaji huzichanganya bila kujali. Ni mtu wa mahali fulani, na ni mtu anayempokea mgeni. Ali wa kitabuni anadai umwenyeji kwa maana ya kwanza: yeye ni wa hapa, yule amekuja. Lakini mchoraji amempanga msomaji tangu kurasa za mwanzo ili asiikubali hoja hiyo kwa urahisi. Ali anaonekana mara ya kwanza katika mtaa wa watu maskini wa mji, akicheza mpira wa kikapu na watoto. Watoto hao, kama yeye, ni wajukuu wa watu walioletwa Marekani kwa minyororo. Mtu anayemwambia mwenzake "wewe si wa hapa" ni mtu ambaye mababu zake waliletwa hapo kwa nguvu na ambaye serikali yake ilikataa kwa karne kadhaa kumhesabu kuwa raia kamili. Kwa upande mwingine, anayeambiwa kuwa ni mgeni alifika akiwa kitoto kichanga, akalelewa na wakulima wa Kansas, na hajui nyumba nyingine yoyote kwa kumbukumbu zake.

Katika nchi hii suala hilo si la kubuniwa. Sheria ya uraia imeandikwa na kubadilishwa zaidi ya mara moja tangu uhuru, na kila badiliko limezaa watu waliolala wakiwa wananchi na kuamka wakiwa wageni. Lubutu kwenyewe, mji wa barabara inayotoka Kisangani kwenda Walikale na Bukavu, ulishuhudia mwishoni mwa 1996 na mwanzoni mwa 1997 makumi ya maelfu ya wakimbizi wakipiga kambi Tingi-Tingi, kandokando ya njia ambayo ndege zilitua juu yake, na ukashuhudia pia jinsi walivyotawanyika msituni vita vilipofika. Msomaji wa mahali kama hapo hahitaji kuelezwa kwa nini swali la nani ni wa hapa linaweza kuangamiza watu wengi kuliko silaha za Rat'Lar.

Je, kitabu kinalijibu? Kinalijibu kwa njia ya pembeni, na hapa ndipo ubora wake ulipo. Kabla ya pigano, Superman anampeleka Ali katika ngome yake ya barafu na kumwomba amfundishe ndondi, wakitumia mbinu ya kurefusha muda ili siku chache zitoshe kwa mafunzo marefu. Ali anakubali kumfundisha mtu ambaye atapigana naye. Kwa maneno mengine, anaacha maana ya kwanza ya mwenyeji na kuingia katika ile ya pili: anampokea mgeni na kumpa ujuzi wa nyumbani. Kitendo hicho kinamaliza hoja ya kuzaliwa hapa au pale bila mtu yeyote kuitangaza kuwa imekwisha. Baadaye ulingoni Superman anatumia aliyofundishwa, nayo hayatoshi, kwa sababu mwanafunzi wa siku chache hawezi kumshinda mwalimu wake. Kushindwa huko ndiko kunakomfanya kuwa mtu wa dunia: amejifunza kitu cha dunia kutoka mwanzo, kwa uchungu, kama watu wengine.

Kuvuliwa nguvu

Wahakiki wa kizungu waliowahi kukitaja kitabu hiki wameichukua nyota nyekundu kuwa hila ya mwandishi tu, njia rahisi ya kuwasawazisha wapiganaji wawili wasiolingana. Msomaji aliyezoea tendi za eneo hili ataona kitu kingine.

Jirani ya Lubutu upande wa mashariki ni Walikale, nchi ya Wanyanga. Huko mwaka 1956 Candi Rureke alimsimulia Daniel Biebuyck, kwa siku kumi na mbili, utendi wa Mwindo, ambao Biebuyck na Kahombo Mateene waliuchapisha mwaka 1969. Ni kazi iliyosaidia sana kuwajibu wale waliosema, kama Ruth Finnegan alivyoshuku mwaka 1970, kwamba Afrika haina tendi za kweli. Mwindo huzaliwa akitembea na kusema. Baba yake anajaribu kumwua, naye anapona. Anashuka kuzimu kumfuata baba huyo, akiwa na usinga wake wenye nguvu. Hata hivyo, mambo mawili katika utendi huo hayakumbukwi sana na wale wanaopenda ushujaa wake. La kwanza ni mchezo wa bahati anaocheza na Sheburungu: Mwindo anapoteza mali yake yote, kitu baada ya kitu, mpaka anabaki na usinga peke yake, na hapo ndipo mchezo unapogeuka. La pili ni mwisho wake. Baada ya Mwindo kumwua joka aliyekuwa rafiki wa Nkuba, yaani Radi, Nkuba anampandisha mbinguni. Huko mvua inampiga, mwezi na jua vinamchoma, naye hana la kufanya. Anakaa mwaka mzima katika baridi na joto asivyovizoea. Anaporudi chini ni mtu mwingine, anapewa miiko, na ndipo anapotawala.

Shujaa wa Wanyanga hawi mfalme kwa kushinda. Anakuwa mfalme baada ya kupelekwa mahali ambapo nguvu zake hazifanyi kazi na kuteswa huko. Bodace na nyota yake nyekundu ni mbingu ya Nkuba. Hakuna ushahidi, wala hakuna haja ya kudai, kwamba Adams aliwahi kuusoma utendi huo. Mfanano wa aina hii hutokea kwa sababu swali ni moja, kwamba mwenye nguvu kupita kiasi atawezaje kuishi na watu. Tofauti iliyopo pia inafaa kutazamwa. Mwindo ana kosa: ameua asichopaswa kuua, na mateso yake ni adhabu. Superman hana kosa lolote isipokuwa kudhani kwamba nguvu ni sababu tosha ya kuongoza. Utendi wa Wanyanga ni mkali zaidi kwa shujaa wake, na kwa maoni ya makala haya ni kazi kubwa zaidi. Lakini kitabu cha picha kimethubutu jambo ambalo utendi haukulifanya, kwani kimempa mwanadamu wa kawaida kazi ya Nkuba.

Wauthier de Mahieu, katika uchambuzi wake wa jando la Bakumu uliochapwa mwaka 1985, ametoa kitabu kizima kwa tohara hiyo na alama zake. Mtu anayejua jando, la Bakumu au la kabila jingine, atazitazama picha za mafunzo ndani ya ngome ya barafu kwa jicho la pekee: wanaume wawili peke yao, mbali na watu, mmoja mkubwa wa mwili akirudishwa kuwa mwanafunzi, muda wenyewe ukiwa si muda wa kawaida. Adams amezichora kurasa hizo kwa utulivu ambao haupatikani kwingine kitabuni.

Maneno kabla ya ngumi

Ali halisi alijulikana kwa ngumi na kwa maneno, na ni vigumu kusema alipigana zaidi kwa lipi. Tabia yake ya kujisifu kwa vina kabla ya pambano, na kutabiri raundi ambayo mpinzani ataanguka, iliwashangaza waandishi wa Marekani, wakaiita utoto. Fasihi simulizi ya Afrika ina jina la kitu hicho: ni majigambo, utanzu wenye kanuni, mahali pake na hadhira yake. Anayejigamba anajifunga mbele ya watu. Asipotimiza, aibu ni yake. Kitabu kimelielewa hilo. Katika pigano la mwisho Ali anatabiri kwamba Hun'Ya ataanguka katika raundi ya nne. Raundi zinapita, Ali anachoka na kupigwa vibaya, na wasiwasi wa msomaji unatokana na ile ahadi kuliko ngumi zenyewe. Raundi ya nne inapofika, Hun'Ya anarushwa nje ya ulingo.

Kwa upande wa lugha, wahusika wawili wametenganishwa kwa makusudi. Superman husema Kiingereza kilichonyooka, sentensi kamili, bila mzaha. Ali husema Kiingereza cha mtaani chenye vina, kinachokatiza na kurukaruka. Ikiwa siku moja kazi hii itatafsiriwa kwa Kiswahili kwa ajili ya wanafunzi wa Maniema, mfasiri atapata bahati ambayo mfasiri wa Dar es Salaam hana: anaweza kumpa Superman Kiswahili sanifu cha vitabu vya shule, na kumpa Ali Kingwana. Mgeni asiye na kosa la sarufi na mwenyeji asiyejali sarufi. Kila msomaji wa Kindu amewahi kuwasikia watu hao wawili wakizungumza sokoni. Tanakali za sauti nazo, ambazo Waingereza huziandika kwa konsonanti nyingi zilizobanana, zitapata nafuu katika Kiswahili, lugha isiyopungukiwa na pu, tifu, chubwi na kacha.

Kuna suala la majina pia. Superman ana majina matatu: la kuzaliwa, la nyumba iliyomlea, na la kazi. Ali alikuwa na mawili, na aliacha la kwanza mwaka 1964 kwa sababu aliliita jina la mtumwa. Mwaka 1967 alimpiga Ernie Terrell raundi kumi na tano huku akimwuliza jina lake ni nani, kwa kuwa Terrell alikuwa amekataa kumwita Ali. Sasa, mwishoni mwa kitabu, Ali anamwambia Superman faraghani kwamba amekwisha kumtambua kuwa ndiye mwandishi wa habari Clark Kent, na kwamba siri hiyo ataitunza. Mtu aliyeshindana na dunia nzima ili jina lake litamkwe ndiye anayekabidhiwa jina lisilopaswa kutamkwa. Ni kisanduku kidogo, hakina ngumi wala rangi kali, na huenda ndicho kilicho bora kuliko vyote. Wasomaji wa Kongo waliokuwa watu wazima mwaka 1972, wakati serikali ilipowaamuru waache majina ya ubatizo na kuchukua ya mababu, watakuwa na la kusema juu yake.

Kinshasa isiyokuwapo

Ni wajibu wa mhakiki kutaja pia mapungufu, nayo si haba. Lois Lane yumo bila ya kuwa na kazi. Scrubb ni watu wa kijani wasio na historia, na Rat'Lar ni mbaya kwa sababu hadithi inahitaji mbaya. Inashangaza basi kwamba Hun'Ya, bingwa wao, amepewa utu: Rat'Lar anapotaka kuvunja ahadi na kuishambulia dunia baada ya kushindwa, ni Hun'Ya, aliyetoka kupigwa, anayemkataza na kumwondoa madarakani. Aliyeshindwa kwa haki ndiye anayeilinda haki ya aliyemshinda. Wazo hilo lilistahili kurasa kumi, likapewa chache.

Kasoro kubwa zaidi ni nyingine. Ili kuiteka meli ya adui wakati Ali yuko ulingoni, Superman anajigeuza sura na kuwa Bundini Brown, msaidizi wa kona wa Ali. Bundini alikuwa mtu halisi, mweusi, mwenye kipaji cha maneno, ambaye alikuwa upande wa Ali kwa miaka mingi na ambaye hutajwa kuwa ndiye aliyemsaidia kutunga msemo wake maarufu wa kipepeo na nyuki. Kitabuni anakuwa vazi. Mzungu anavaa uso wake, anakwenda kuikoa dunia, na Bundini mwenyewe hana sehemu katika ushindi huo. Marekani ina historia ndefu na chafu ya wazungu kujipaka rangi nyeusi jukwaani, na waandishi walioweza kuandika kwa uangalifu juu ya mgeni na mwenyeji walipaswa kuliona hilo. Hawakuliona, au waliliona wakaliacha lipite kwa kuwa hadithi ilikuwa na haraka.

Na Kinshasa haipo. Tarehe 30 Oktoba 1974, alfajiri, katika Uwanja wa 20 Mei, Ali alimwangusha George Foreman katika raundi ya nane, mbele ya umati uliokuwa ukimpigia kelele za Kilingala: Ali, boma ye. (Kwa mtu wa Lubutu, mahali ambapo Kilingala cha Kisangani na Kiswahili hupishana barabarani, kauli hiyo ina mchezo wake: kwa lugha moja boma ni kuua, kwa lugha nyingine boma ni ngome, na Ali usiku ule alifanya yote mawili, kwani alijifungia kwenye kamba kama ndani ya ngome mpaka Foreman akachoka.) Ubingwa ambao ulimfanya Ali astahili kuitwa bingwa wa dunia katika kitabu aliurudisha huko, baada ya kunyang'anywa mwaka 1967 kwa kukataa kwenda kupigana Vietnam. Pambano na Hun'Ya, lenye bondia aliyechoka anayengoja, kisha anaibuka, ni pambano la Kinshasa lililohamishiwa angani. Walioandika walichukua umbo la usiku ule na kuliacha jina la mji.

Inawezekana kusema kwamba nafasi ilikuwa ndogo. Lakini jalada lilipata nafasi kwa nyuso 172, na nyuso hizo kwa sehemu kubwa ni za Marekani. Dunia inayotetewa katika kitabu hiki ina upana wa nchi moja. Wakati huohuo Kinshasa ilikuwa na wachoraji wake: jarida la Jeunes pour Jeunes lilikuwa limeanzishwa mwaka 1968 na Achille Ngoye na Freddy Mulongo, na mashujaa wake walisema Kifaransa kilichochanganywa na Kilingala cha vijana wa mitaani. Bingwa wa dunia alikuwa amekuja mpaka mlangoni mwao. Ni wao waliokuwa na haki ya kumchora.

Maneno ya mwisho ya kitabu yanahitaji macho ya mwanaisimu. Kwa miaka mingi Ali alijitangaza kuwa mkuu kuliko wote, katika nafsi ya kwanza umoja. Katika ukurasa wa mwisho, akimkumbatia Superman, anairudia kauli ileile, ila kiwakilishi amekigeuza kuwa wingi. Kwa Kiingereza badiliko hilo ni neno moja lililochapwa kwa wino mzito. Kwa Kiswahili mfasiri atalazimika kuchagua: sisi wawili, au sisi sote? Picha inasema wawili. Hadithi nzima inasema sote. Na mwandishi, kwa bahati ya lugha yake, hakulazimika kuamua.

Miaka miwili baadaye Ali alilazimika. Februari 1980 Rais Carter, yuleyule wa kwenye jalada, alimtuma Afrika kuzishawishi serikali zisiende kwenye michezo ya Olimpiki ya Moscow, kwa sababu majeshi ya Kisovieti yalikuwa yameingia Afghanistan. Kituo kimojawapo kilikuwa Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Waandishi wa habari walimwuliza kwa nini Marekani, ambayo haikuunga mkono nchi za Afrika ziliposusia michezo ya 1976 kwa sababu ya Afrika Kusini, sasa inawaomba zisusie kwa ajili yake. Hakuna Rat'Lar aliyekuwapo, wala nyota nyekundu. Kulikuwa na swali la nani amemtuma, na kwa niaba ya nani. Alipokuwa bado safarini Ali alikiri mbele ya waandishi kwamba huenda anatumiwa kwa jambo lisilo sawa.